Umetoka Wapi, Unaenda Wapi?

Sogeeni, wajukuu. Na ninyi mliokaa mlangoni ingieni ndani, mvua ya Beni haipigi hodi. Leo sina hadithi ya sungura wala ya fisi. Nina hadithi ya gunia la makala, na ndani yake mna miti, majivu, migomba, mikono michafu na mbuzi mmoja asiye na adabu.

Mgeni akifika kwetu hukaribishwa, hupewa kiti na maji, kisha mzee wa nyumba humuuliza: umetoka wapi, unaenda wapi? Hatumuulizi kwa umbea. Usipojua mtu alikotoka na anakokwenda, utamsaidiaje? Sasa nawaomba mviulize vitu vya nyumbani maswali hayohayo mawili. Vitajibu. Vingine vitajibu kwa harufu, lakini vitajibu.

Haya, gunia, umetoka wapi? Lilifika limefungwa juu ya pikipiki au chukudu ya mbao, limejaa hadi shingoni, mdomo umezibwa kwa majani na kamba. Kabla ya hapo makala hayo yalikuwa miti. Mchomaji alikata magogo, akayapanga, akayafunika kwa majani na udongo, kisha akatia moto na kuuacha ule polepole kwa siku kadhaa. Hewa ikiingia kwa wingi, kuni huishia majivu. Hewa ikiminywa, kuni huwa makala. Ni kazi ngumu, na hasara yake ni kubwa. Katika tanuru la udongo la namna hiyo, kilo 1 ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Pigeni hesabu wenyewe: mama akipikia kilo 2 kwa siku, kuni za kilo 10 hadi 20 zilikwisha hata kabla hajawasha kiberiti.

Na miti hiyo ilitoka wapi? Hapo kuna majibu mawili. Ukipanda kuelekea Butembo utaona mikaratusi imesimama vilimani. Ile ilipandwa na watu. Mwenyewe huikata, na kisiki huchipua tena. Makala yake sina neno nayo. Ila makala mengine hutoka katika msitu ambao hakuna aliyeupanda. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima, na upande wake wa kaskazini ni jirani yetu: bonde la Semliki, kisha milima ya Ruwenzori yenye barafu, ambayo kilele chake kirefu kina mita 5,109. Katika misitu ya upande huu anaishi okapi. Wanasayansi wa Ulaya walimwandika vitabuni mwaka 1901, ingawa Wambuti, watu wa msitu, walikuwa wanamjua tangu mababu zao. Okapi hajui bei ya makala sokoni. Anajua tu kwamba kivuli kimepungua.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 shirika la WWF lilianza kuwasaidia wakulima wanaoishi kando ya Virunga kupanda miti yao ya makala, ili msitu upumzike. Mpango huo uliitwa EcoMakala. Ni wazo zuri, na mtoto mwenye kipande cha kilima kwao anaweza kulifuata. Ila sikilizeni: mkaratusi ni mlevi wa maji. Usiupande karibu na chemchemi. Mahali pa mihogo na maharagwe panda grevilea, mti ambao hausumbui sana mazao yaliyo chini yake.

Sasa gunia limefika jikoni. Linaenda wapi?

Tazama mbabula, jiko letu la makala, ile ya bati tupu, inapowaka. Weka mkono pembeni, kwa mbali: unaungua! Moto huo unaoupasha mkono wako haupiki chochote, unaupasha ukuta na paka. Mbabula iliyopakwa udongo wa mfinyanzi kwa ndani huzuia joto lisitoroke, na makala hudumu zaidi. Mtu anayejua kufinyanga anaweza kuipaka ile ya zamani, mradi aiache ikauke taratibu kivulini, isije ikapasuka.

Halafu kuna maharagwe. Sisi watu wa Beni na Butembo tunapenda maharagwe, na maharagwe hupenda makala kuliko chakula kingine chochote nikijuacho. Basi yalowekeni usiku kucha. Asubuhi mwageni maji hayo, tieni mapya, wekeni jikoni, funikeni sufuria. Yatawahi kuiva, maana kazi ya kulainisha ganda maji baridi yameifanya bure wakati ninyi mmelala. Kuna na njia ya kikapu. Sufuria ikishatokota vizuri kwa muda, itoe motoni ikiwa imefunikwa, iweke ndani ya kikapu kilichojaa majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, kisha izibe kila upande. Chakula huendelea kuiva bila moto, kwa joto lake chenyewe. Wali na maharagwe yaliyolowekwa huitika vizuri. Sombe siwashauri. Majani ya muhogo yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa sana na kuchemshwa sana, sufuria ikiwa wazi. Kwenye sombe msimbanie mama makala.

Na hili ninalisema kwa sauti kubwa: msiingize mbabula yenye makala ya moto katika chumba cha kulala, hata kukiwa na baridi ya Butembo. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala, asiamke tena.

Moto umezimika, yamebaki majivu. Mtoto mvivu huyamwaga barabarani. Umetoka wapi, majivu? Kwenye mti. Na mti uliyanyonya madini yake kutoka ardhini, kwa hiyo majivu yanataka kurudi shambani. Udongo wa vilima vyetu mara nyingi una uchachu, na majivu huupunguza. Nyunyiza kiganja kimoja kimoja, usifanye kama unapaka nyumba chokaa, maana yakizidi yanaunguza mizizi. Majivu makavu yaliyochekechwa huchanganywa pia na maharagwe ya mbegu, na vidudu vinavyotoboa maharagwe huona taabu kutembea humo. Bibi zenu walijua hilo bila kusoma popote. Walijua pia kwamba maji yaliyochujwa kwenye majivu, yakikutana na mafuta ya mawese, huzaa sabuni. Siku hizi sabuni ya mawese hutengenezwa kiwandani huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kwa umeme wa maji yanayoteremka mlimani. Kituo cha umeme huo kilianza kazi mwaka 2013. Umeme wa Mutwanga umewahi kutengeneza hata chokoleti, kutokana na kakao ya wakulima wetu. Wengi wenu mmevunja matunda ya kakao na kumumunya utelezi wake mtamu, lakini ni wangapi mmeonja chokoleti yenyewe?

Lakini tumelisahau gunia. Liko wapi? Lile pale pembeni, tupu. Msilitupe, safari yake bado.

Mnajua kwa nini mboga zimekuwa taabu hapa kwetu. Tangu 2014 mauaji ya vijijini yamewafanya watu wengi wa Beni kuyaacha mashamba yao ya mbali. Wengine wamehamia mjini na hawana hata kipande cha ardhi cha kutandika mkeka. Gunia halihitaji shamba, linasimama mlangoni. Chukua udongo mzuri, samadi iliyooza, na kidogo cha yale majivu yetu. Katikati ya gunia simamisha kopo lisilo na kitako, lijaze mawe madogo, zungushia udongo pande zote, kisha livute kopo juu, jaza mawe tena, zungushia udongo tena, mpaka ufike mdomoni. Ukimaliza, ndani mna mnara wa mawe, na maji unayomwaga juu hushuka kwa mnara huo hadi chini kabisa. Ukikosa mawe, maji yatalowesha juu tu, na mboga za chini zitakufa kwa kiu. Toboa matundu ubavuni, panda humo miche ya mboga, na juu mwagia mbegu za lenga-lenga, yaani mchicha. Lenga-lenga haina maringo, baada ya wiki 3 au 4 unachuma. Chuma majani, acha shina, litachipua.

Maji ya kumwagilia yatoke wapi? Si kila nyumba ina bomba, na bido la lita 20 linaumiza shingo. Hapo nitawarudisha nyuma kidogo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na hapa. Ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, na iliwaua watu zaidi ya 2,200. Wakubwa kati yenu mnakumbuka ndoo zenye bomba kila mlango, wa shule, wa kanisa, wa butike. Ndoo nyingi bado zipo. Maji yaliyonawia mikono kwa sabuni kidogo yanakingwa kwenye beseni, na mgomba huyapokea vizuri ukiumwagia shinani. Yale yenye klorini hapana, msiyapeleke kwenye mimea. Na majani tutakayoyala yamwagiliwe maji safi.

Nimetaja mgomba, na mgomba nao una Ebola yake. Wakulima wanaijua: majani hunyauka kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi huiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, na ukikata shina hutoka usaha wa njano. Ugonjwa huu uliandikwa kwanza Ethiopia miaka ya 1960. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na karibu wakati huohuo ukaonekana Masisi, katika Kivu yetu ya Kaskazini. Unaletwa na bakteria, na bakteria hana miguu. Hupanda nini? Hupanda panga. Baba akikata mgomba mgonjwa, kisha akakata mzima kwa panga lilelile, amempeleka bakteria kwa gari la bure. Wadudu nao humbeba kwenye lile ua la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu. Kwa hiyo chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Na panga lipitishwe motoni mpaka lisishikike, kabla halijagusa mgomba mwingine. Ninyi mlionawa mikono miaka ile yote, mnaweza kumweleza baba jambo hili kuliko mtaalamu yeyote. Semeni kwa heshima tu: “Baba, panga nalo linanawa.”

Darasani je? Mwombeni mwalimu awaruhusu kufanya jambo moja. Okoteni chupa 3 kubwa za plastiki, zikateni ubavuni, zilazeni juu ya meza zikiinama kidogo, shingo zikielekea chini. Ya kwanza tieni udongo mtupu. Ya pili udongo uliofunikwa kwa majani makavu. Ya tatu udongo wenye nyasi zilizoota, na mizizi yake. Kila moja kingieni glasi, kisha mwagieni maji sawasawa. Ya kwanza itatoa maji kama chai ya maziwa. Ya tatu itatoa maji machache, meupe zaidi. Baadaye tokeni nje mkaangalie mfereji wa barabarani baada ya mvua. Ule wekundu ni shamba la mtu linakwenda zake.

Ndiyo maana bustani ya shule isilimwe kuteremka na mlima. Chimbeni mistari inayokatisha mteremko, na kwenye kingo zake pandeni lile ua la njano la barabarani ambalo wengi mnalidharau, alizeti pori. Majani yake mabichi yakikatwa na kufukiwa ni mbolea tamu, yana naitrojeni na potasiamu, na hayauzwi. Miche ya miti ioteshwe katika sashe kuukuu za maziwa au magome ya mgomba yaliyokunjwa. Serikali ya Kinshasa ilitoa amri ya kukataza mifuko ya plastiki mwisho wa 2017, lakini sashe hazijasoma amri hiyo, bado zimejaa mitaroni. Afadhali tuzipe kazi. Siku ya kupanda mche, itoeni sashe kwanza. Nimeona watu wakizika mti pamoja na nailoni yake, kisha wanashangaa umedumaa.

Amebaki mbuzi. Mbuzi wa jirani ataingia, hilo ni hakika, na atakula mche wa mwalimu mkuu kabla ya wengine. Wazo la kufunga waya siliamini sana, huibiwa. Pandeni ua wa miti iliyobanana, na mpaka ukue, zungushieni matete na matawi yenye miiba. Msitumie mnyaa, utomvu wake unaumiza macho, na ninyi mnapenda kuchezea vitu. Likizo ya Julai na Agosti ndiyo inayoua bustani nyingi za shule, mvua ikipungua na wanafunzi hawapo. Wanaoishi karibu wagawane zamu za kumwagilia, wawili wawili, na mboga zitakazochumwa siku hizo ziwe zao, wakapike kwao.