Namna ya Kupima Picha za Kutisha



Kila tukirudi kutoka likizo hubishana: picha gani ya kutisha ndiyo bora? Huyu husema ni ile yenye maiti nyingi, yule husema ni ile iliyomrusha kutoka kwenye benchi. Mabishano ni mazuri, lakini yakikosa kipimo ni kama kununua kahawa bila mizani. Mkulima wa mlimani hakubali kahawa yake ipimwe kwa macho. Basi nataka kueleza vipimo vinne ninavyovitumia mimi, nikivitolea mifano katika picha za waongozaji mashuhuri.

Kwanza, mshtuko si taharuki. Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1899, alimweleza jambo hili François Truffaut wa Ufaransa katika mazungumzo yaliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1966. Watu wamekaa mezani wanaongea, na chini ya meza kuna bomu. Kama hatukujua, likilipuka tutashtuka kwa sekunde 15, basi. Lakini tukionyeshwa bomu mapema, na saa ikiwa ukutani, tutateseka dakika 15 nzima kwa maneno yao ya bure. Katika picha yake The Birds ya mwaka 1963, mwanamke ameketi nje ya shule, na watoto wanaimba darasani. Nyuma yake kunguru mmoja anatua kwenye vyuma vya michezo, kisha wengine. Yeye haoni, sisi tunaona. Mtazamaji hutamani kupiga kelele, “Dada, geuka!” Anapogeuka, vyuma vimejaa kunguru. Hakuna aliyeguswa bado, nasi tumekwisha kutoka jasho.

Pili, angalia kinachofichwa. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotoka mwaka 1975, papa wake wa mashine aliharibika mara kwa mara katika maji ya bahari. Ikambidi aonyeshe maji matupu, pezi, na mapipa yanayokokotwa, hata ikapita saa nzima kabla hatujamwona papa vizuri. Hasara ile ikawa faida. Wavuvi wa Katwe hawana haja ya kufundishwa jambo hili: kiboko unayemwona utamkwepa, aliyezama ndiye anayekutia hofu. Vivyo hivyo katika Psycho ya Hitchcock, ya mwaka 1960, mauaji ya bafuni ni ya muda mfupi tu, chini ya dakika moja. Kisu hakionekani waziwazi kikikata mwili, na damu ile ilikuwa sharubati ya chokoleti. Yaliyobaki tunayajaza sisi wenyewe, tukisaidiwa na mlio mkali wa fidla.

Tatu, uliza: je, aliyekufa alikuwa mtu? Mwanamke wa Psycho ameiba dola 40,000. Tunakimbia naye, tunamwogopea polisi, tunamsikia akiamua kurudi nyumbani kutengeneza alichoharibu. Hapo ndipo anapouawa, na picha haijafika nusu. Tunaumia kwa sababu tulikwisha kumjua.

Jambo hili si la mchezo kwetu sisi wa mpakani. Mwezi wa Juni mwaka 2023 waasi wa ADF waliivamia usiku shule ya sekondari ya Lhubiriha, huko Mpondwe, karibu sana na Bwera, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Nimewasikia watu wakisema kwamba baada ya msiba kama ule, picha za kutisha zisionyeshwe kabisa huku kwetu. Sikubaliani nao, ingawa nawaelewa. Picha ambayo watu wanakufa kama nzi, na watazamaji wanacheka, inatuzoeza kutohisi neno. Picha iliyo njema hufanya kinyume: humfanya mfu mmoja awe mzito moyoni mwetu. Kwangu kipimo hiki kinapita vingine vyote. Na mwenzako akikataa kutazama, usimwite mwoga. Hujui usiku wake ulivyo.

Nne, mpe mwongozaji haki yake. Psycho ilipotoka, Hitchcock alitaka mtu yeyote asiingizwe baada ya picha kuanza. Katika vibanda vyetu vya video, Kasese hata Bwera, mtu huingia wakati wowote, karanga mkononi, akauliza, “Nani amekufa?” Katika Les Diaboliques ya Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1955, wanawake wawili wa shule ya bweni wanamzamisha mwalimu mkuu, kisha wanamtupa katika bwawa la kuogelea la shule. Maji yanapotolewa, bwawa ni tupu. Aliyechelewa ataona bwawa lisilo na maji tu, ashangae wenzake wanaogopa nini. Mwisho wa picha yapo maandishi yanayoomba tusiwasimulie rafiki zetu, nami natii.

Tena yuko mtafsiri wa kibandani, yule tunayemwita VJ. Bila yeye wengi wasingefahamu neno, na mzaha wake ni burudani. Lakini hofu hukaa katika kimya. The Birds haina muziki wa kusindikiza matukio. Ina sauti za ndege na ukimya. VJ akiujaza ukimya ule kwa vichekesho, tumemsikiliza yeye, hatukumsikiliza Hitchcock. Mfurahie VJ, lakini usitoe hukumu juu ya mwongozaji mpaka umeisikia picha kwa sauti yake yenyewe.

Mkiniuliza hukumu yangu, kwa taharuki naiweka mbele The Birds. Kwa kuficha, Jaws. Lakini kwa kipimo cha tatu Psycho inazishinda, na kwa hiyo ndiyo ninayoiita bora. Asiyekubali na achague picha moja likizo hii, aitazame tangu mwanzo hadi mwisho, aipime kwa vipimo hivi au kwa vilivyo bora zaidi, kisha aandike katika gazeti letu. Nitamsoma kwa furaha.