Fangasi sugu hospitalini: ya kujua kabla hujamzuru mgonjwa

Dada yangu mkubwa huu mwezi wa pili amelazwa hospitali hapa Muscat, chumba cha mahututi. Wiki iliyopita tulikuta karatasi mlangoni: usiingie bila gauni na glavu. Jamaa wakakasirika. Mtu katoka Nizwa kuja kumbusu mkono mgonjwa wake, leo azuiwe? Wengine wakaanza kunong'ona kuwa ana ugonjwa wa aibu.

Mimi nimesomesha maisha yangu yote, nikamuuliza daktari kama mwanafunzi. Akanijibu: ni fangasi wa jamii ya hamira, lakini si hii ya maandazi. Anaitwa Candida auris. Kwa Kilatini kidogo nilichobaki nacho tangu skuli ya misheni, auris ni sikio. Kweli, alitambuliwa Japani mwaka 2009 katika sikio la mgonjwa. Madaktari wa Oman waliandika habari za wagonjwa wa kwanza mwaka 2017, na Nairobi pia amekutwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likamweka kundi la juu kabisa la fangasi hatari.

Tabu yake ni mbili. Kwanza, usugu. Flukonazoli, dawa ya fangasi tunayoijua sote, mara nyingi haimfanyi kitu. Madaktari huanza na sindano za kundi la ekinokandini, na maabara hupima dawa ipi inamuweza. Kwa hivyo kijana wetu aliyekuja na vidonge kutoka Dar nilimwambia avirudishe kwenye begi.

Pili, hang'oki. Hukaa kwenye ngozi, chuma cha kitanda na mashine kwa wiki kadhaa, na baadhi ya dawa za kusafishia hazimuui. Mwenye afya njema ni nadra kumdhuru, ila anaweza kumbeba mikononi mpaka kitanda cha jirani mwenye mpira mshipani. Akiingia kwenye damu, huua wengi.

Basi ndugu zangu, karatasi ile ni ya kumlinda mgonjwa wa pili. Sisi sasa tunaingia mmoja mmoja, pete na saa tunaacha nyumbani, mikono tunasafisha kabla na baada. Wa Nizwa naye kavaa gauni lake, kakaa naye peke yao robo saa. Alipotoka alisema Bi Mkubwa kamfinya kidole.