Mahame, Mikorosho na Daftari la Wanachama: Namna ya Kuchunguza Habari za Waliohamishwa na Waliorudi



Kila msimu wa korosho unapokaribia, Chama Kikuu hupokea kutoka vyama vya msingi barua zinazofanana mno. Watu wawili wanadai malipo ya shamba moja. Wa kwanza ameandikwa katika daftari kwa sababu anaishi kijijini, na ndiye aliyepalilia na kupuliza salfa. Wa pili amekuja na wazee watatu wanaoshuhudia kwamba mikorosho ile ilipandwa na marehemu baba yake kabla ya Operesheni Vijiji. Katibu amekwama, mzigo uko ghalani, na mnada hausubiri.

Makala hii yaeleza kwa nini madai hayo hayaishi, na jinsi chama cha msingi kiwezavyo kuyachunguza mapema badala ya kungoja ugomvi ufike mezani.

Chanzo chake chajulikana, ila vijana wengi wamekisikia nusunusu. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilitangulia kukusanya watu katika vijiji, kwa sehemu kwa ajili ya usalama, maana ng'ambo ya Mto Ruvuma Wareno walikuwa wakipigana na wapigania uhuru wa Msumbiji. Kisha, mwezi Novemba 1973, Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Nchi nzima, waliokuwa wakiishi vijijini mwaka 1973 walikuwa takriban milioni mbili. Miaka michache baadaye walikuwa wamezidi milioni kumi na tatu. Penye hiari watu walihama kwa hiari. Pasipo hiari palikuja magari na mgambo, na nyumba nyingine zilibomolewa ili wenyewe wasirudi.

Nyumba huweza kujengwa upya kwa msimu mmoja. Mkorosho hauhamishiki. Mkulima wa mihogo aliyehamishwa alipata hasara ya mwaka mmoja au miwili, bali mkulima wa korosho aliacha nyuma akiba ya maisha yake, pengine mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu kutoka kijiji kipya. Mashamba hayo yalimezwa na vichaka, moto ukapita humo kila kiangazi. Bei ndogo aliyolipwa mkulima iliongeza udhaifu, na ugonjwa wa ubwiriunga ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuta mikorosho haina mtunzaji. Taifa lililovuna takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 lilikuwa limeshuka chini ya tani 20,000 katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Si haki kuitupia Operesheni peke yake lawama yote, lakini mwenye kusema kwamba haikuhusika hajapata kuyaona mahame.

Kurejea hakukuwa na siku maalumu, wala hapakutolewa tangazo. Hapo ndipo wachunguzi wengi hupotea, kwa kuwa hutafuta mwaka mmoja wa kuandika katika fomu. Mwanzoni mtu alikwenda alfajiri na kurudi jioni. Baadaye alijenga kibanda cha kulala wakati wa kuokota korosho. Mke akamfuata na vyungu, kuku wakafuata, na mwisho kibanda kikawa nyumba, huku watoto wakibaki kwa bibi yao kijijini kwa sababu shule iko huko. Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990 na bei kuvutia, mwendo huo uliongezeka, na kabla ya mwaka 2000 mavuno ya nchi yalikuwa yamevuka tena tani 100,000. Wapo pia wasiorudi kabisa, na si kwa uvivu. Walipima wakaona kwamba zahanati, kisima na barabara ni bora kuliko shamba la mbali. Katika msitu ulioachwa na hao ndipo waliingia watu wengine, wakafyeka, wakafufua miti ya mwenzao.

Basi mikorosho hiyo ni ya nani? Kwa desturi za kwetu, aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama ardhi ni ya ukoo mwingine. Mti huweza kuwekwa rehani bila ardhi, na aliyeukopeshea fedha akauvuna hadi deni lirudi. Juu ya hayo, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao kwa asili hurithisha upande wa mama, yaani mpwa humrithi mjomba wake. Lakini mikorosho ilipandwa na baba akisaidiwa na wanawe, nao wana huona kwamba jasho lao limo. Operesheni ilipowatawanya wapwa katika kijiji hiki na wana katika kile, kila upande ulikua na hadithi yake pasipo wa kuisahihisha. Mara nyingi ugomvi unaoletwa kama ugomvi wa mhamiaji na mwenyeji huwa, ukichimbwa, ni ugomvi wa mpwa na mtoto. Katibu asiyeuliza habari za ndoa na ukoo atasuluhisha jambo lisilokuwapo.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, yathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa ajili ya kuwahamishia watu vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na kufuta haki zilizotangulia juu ya ardhi hiyo. Tusisahau kwamba waliopoteza kwa njia hii si waliohamishwa tu. Wenyeji wa mahali palipojengwa kijiji kipya nao waliona mashamba yao yakikatwa viwanja. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Rufani ilitamka mwaka 1994, katika shauri lililotoka Mkoa wa Arusha, kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Swali la kwanza la mchunguzi, kwa hiyo, ni hili: je, shamba hili liligawiwa mtu mwingine katika miaka ile, au liliachwa tu bila kugawiwa? Majibu mawili hayo huelekea njia mbili tofauti, na hati za kijiji za miaka hiyo, zikipatikana, zina thamani kubwa kuliko maneno ya mashahidi kumi.

Kupatikana kwake ndiyo taabu. Mwezi Mei 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na vijiji vikapewa kazi ya kununua mazao kwa niaba ya mamlaka za mazao. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika kupokezana huko leja nyingi zilipotea, au zilifungiwa maandazi. Hata hivyo tafuteni. Leja ya mauzo ya miaka ya 1960 yaonyesha nani aliuza gunia ngapi kutoka kituo gani, na kituo cha kununulia kilikuwa karibu na shamba. Mihtasari ya mikutano ya kijiji huweza kuwa katika kabati la ofisi ya mtendaji, au nyumbani kwa mjane wa mwenyekiti wa zamani.

Pasipo karatasi, mahame yenyewe husema. Nendeni pamoja na pande zote mbili, na wazee wasiokuwa na maslahi. Tazameni miembe iliyozunguka uwanja wa nyumba, msingi uliobaki, kisima, na zaidi ya yote makaburi. Hesabuni mikorosho mikubwa mbali na ile iliyoongezwa baadaye, maana aliyefufua shamba kwa kawaida amepanda ya kwake pia, na kazi yake haifai kufichwa.

Katika kuhoji, msianze na swali la mwenye shamba. Anzeni na safari: mlihama mwezi gani, mlibeba nini, usiku wa kwanza mlilala wapi, nani alikuwa jirani? Mtu huweza kukosea mwaka, lakini hatasahau kama ilikuwa kabla ya njaa ya 1974, kabla ya ushirika kuvunjwa, au wakati vijana wakienda Vita vya Kagera. Wanawake wahojiwe peke yao. Wao ndio walioteka maji, na aliyeteka maji hukumbuka kila njia. Nimewahi kukaa katika mkutano ambamo wanaume sita walibishana asubuhi nzima juu ya mpaka, na bibi mmoja aliyekuwa akipika uji akaonyesha kwa mwiko mahali kilipokuwa kinu chake. Hapakuwa na mabishano tena siku ile.

Andikeni kila usimulizi kama ulivyosemwa, pamoja na jina la msemaji na tarehe, kisha msomeeni mwenyewe kabla hajaweka sahihi au dole gumba. Simulizi mbili zikipingana ziachwe zote mbili. Chama cha msingi hakina mamlaka ya kuamua mwenye ardhi. Kazi ya kusuluhisha ni ya Baraza la Ardhi la Kijiji, na juu yake viko vyombo vingine vya sheria. Daftari la wanachama si hati ya ardhi, nalo lisitumiwe hivyo na yeyote. Kilicho chini ya uwezo wa chama ni kuandika safu mbili mahali penye safu moja: anayetunza na kuvuna msimu huu, na anayedaiwa kuwa mwenye miti. Pande zikiandikiana mapatano ya kugawana mavuno mbele ya baraza, nakala ibaki chamani, na malipo yafuate mapatano hayo katika akaunti za benki za wote wawili.

Kazi hii ifanywe wakati wa kupalilia, kabla ya kugawa pembejeo. Mzigo ukishapanda mizani, kila mtu huwa amekwisha kuihesabu fedha yake.