Hadubini siyo darubini: Tofauti ambayo mgonjwa wa homa anapaswa kuijua

Mgonjwa wa homa huko Ihanja, wilayani Ikungi mkoani Singida, akifika kituo cha afya anaweza kuambiwa aende maabara akapimwe kwa hadubini. Akirudi nyumbani, si ajabu akasema amepimwa kwa "darubini". Maneno hayo yanakaribiana kwa sauti, lakini ni vifaa viwili tofauti.

Darubini huonyesha vitu vilivyo mbali, kama mwezi na nyota. Neno hilo lina asili ya Kiajemi: "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Hadubini hukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Waajemi wao huiita "khurdbin", na "khurd" ni kitu kidogo.

Kwenye sentensi tunasema hadubini hii, hadubini hizi. Pia kuna matumizi ya kitamathali: kulitazama jambo kwa hadubini ni kulichunguza kwa undani, bila kuacha hata kadogo.

Kwa mgonjwa, neno hili lina uzito zaidi. Malaria hupimwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kipimo cha haraka, kile cha kutoboa kidole na kusubiri mistari. Kipimo hicho hutafuta protini ya vimelea, siyo vimelea vyenyewe. Protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya mtu kupona.

Maana yake, aliyemaliza dozi wiki iliyopita akipata homa tena, kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria wakati kinachomsumbua ni ugonjwa mwingine. Akirudia dawa za malaria, ugonjwa wenyewe unaendelea.

Hapo ndipo hadubini inapohitajika. Mtaalamu huweka tone la damu kwenye kioo, hulipaka rangi, kisha hulitazama likiwa limekuzwa mara 1,000. Vimelea vikiwepo, anaviona na kuvihesabu. Kifaa hichohicho hutumika kutafuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi.

Kwa hiyo mgonjwa aliyetumia dawa za malaria hivi karibuni amwambie mhudumu ni dawa gani na alimaliza lini. Kisha aulize bila woga: "Hiki ni kipimo cha haraka au ni hadubini?"