Utunzaji wa Nyuzi za Gitaa

Uzi wa gitaa huanza kuchakaa tangu siku unapofungwa. Hukazwa kwa nguvu, huguswa na vidole vyenye jasho, na hubanwa tena na tena juu ya freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Hakuna namna ya kuuzuia usichakae kabisa, lakini mazoea machache mepesi huchelewesha uchakavu huo kwa kiasi kikubwa.

Utunzaji hutegemea uzi umetengenezwa kwa nini. Katika gitaa la nyuzi za chuma, nyuzi nyembamba ni waya mtupu wa feleji, na zile nene ni kiini cha feleji kilichozungushiwa waya mwingine. Kwa gitaa kavu, waya huo wa nje kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20, au wa shaba asilimia 92 hivi na bati, pamoja na fosforasi kidogo. Gitaa la umeme hutumia zaidi feleji iliyopakwa nikeli, kwa kuwa vinasa sauti vyake hufanya kazi kwa sumaku. Gitaa la klasiki hutumia nailoni, iliyochukua nafasi ya utumbo wa wanyama katika miaka ya 1940 kutokana na kazi ya Albert Augustine wa New York, akishirikiana na mpigaji Andrés Segovia. Nailoni haishiki kutu. Hata hivyo, nyuzi zake za besi huzungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha, na waya huo hupoteza mng'ao na kuchakaa mapema kuliko nyuzi nyembamba.

Adui mkuu wa uzi ni mkono wenyewe. Jasho lina maji, chumvi na asidi, na ngozi huacha mafuta na chembe zilizokufa. Chumvi na unyevu huharakisha kutu kwenye feleji na kuifanya shaba iwe nyeusi au ya kijani. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, hewa yenyewe hubeba unyevu na chumvi ya bahari, hivyo gitaa lililoachwa wazi linaweza kushika kutu hata bila kupigwa.

Uchafu huharibu sauti kwa njia mbili. Kwanza, ukijaa katika mianya ya waya uliozungushwa, huzuia mtikisiko, na sauti nyembamba za juu zinazoupa uzi mpya ung'avu wake hufifia kabla ya nyingine. Pili, uchafu na kutu havienei sawasawa, kwa hiyo sehemu moja ya uzi huwa nzito kuliko nyingine. Uzi wa namna hiyo unaweza kuwa sawa ukipigwa wazi, lakini ukibanwa kwenye freti za juu hutoa noti iliyopanda au kushuka.

Kinga huanza kwa kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri kabla ya kupiga. Baada ya kupiga, kila uzi hupanguswa kwa kitambaa kikavu cha pamba kisichoacha nyuzinyuzi. Kitambaa hupitishwa chini ya uzi, hukunjwa kuuzunguka, kisha huvutwa kuanzia kwenye daraja hadi kichwani. Upande wa chini usisahaulike, kwani ndiko uchafu hukaa bila kuonekana na ndiko uzi hugusana na freti. Kisha gitaa hurudishwa kwenye sanduku au mfuko wake. Vipakiti vya kufyonza unyevu, kama vile vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu, husaidia palipo na unyevunyevu mwingi.

Uchafu ulioganda kwenye nyuzi za chuma huweza kuondolewa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo. Kipande cha kadibodi huwekwa kati ya nyuzi na shingo, kwa sababu spiriti hukausha mbao na inaweza kuharibu vanishi. Maji ya bomba hayafai kwa nyuzi za chuma. Nyuzi za nailoni hutosheka kwa kitambaa kikavu.

Baadhi ya wapigaji wa gitaa la besi huchemsha nyuzi zao ili kutoa mafuta na uchafu. Ung'avu hurudi kwa muda mfupi, lakini kuchemsha hakuondoi mikwaruzo ya freti wala hakurudishi chuma kilicholiwa na kutu. Zipo pia nyuzi zilizofunikwa utando mwembamba wa plastiki unaozuia jasho kupenya. Hudumu zaidi, ingawa bei yake ni kubwa.

Uzi hubadilishwa unapoonyesha kutu, unapokwaruza kidole, unapokuwa na vishimo juu ya freti, au unaposhindwa kukaa kwenye noti. Nyuzi za seti moja hubadilishwa pamoja ili sauti zilingane. Zikiwa zimefunguliwa, shingo na freti husafishwa kwa kitambaa, vinginevyo uchafu wa zamani utahamia kwenye nyuzi mpya. Uzi mpya hufungwa, huvutwa taratibu kwa vidole, na hukazwa tena hadi uache kulegea.