Darubini ya Kutazamia Mwezi Mwandamo

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufunga na kufungua kwa kuuona mwezi. Je, ulioonwa kwa darubini unazingatiwa? Baraza la Wanazuoni Wakubwa wa Saudi Arabia liliamua mwaka 1403 H (1983) kuwa unazingatiwa, hata usipoonekana kwa jicho tupu.

Kwa mtazamaji wa Picha ya Ndege, Kibaha, ambaye taa za Dar es Salaam humkalia nyuma anapoelekea magharibi, darubini ya macho mawili ya 10x50 yatosha kuanzia. Akitaka bora zaidi, atangulize stendi imara, kisha kipenyo cha kioo, si ukuzaji. Ukuzaji mkubwa hufifisha nuru; mara 30 zatosha. Wala asiielekeze kwenye jua kabla halijazama, lisije likampofua. Wallahu a'lam.