Mapigo ya Moyo wa Kichanga Yanavyopima Ukomavu wa Neva

Wazazi wengi hudhani kwamba moyo wenye afya hupiga kwa muda unaolingana kama saa ya ukutani. Kwa kichanga, hali ni kinyume: muda kati ya pigo na pigo hubadilika kidogo daima, nao ukikaa bila kubadilika, daktari hupaswa kutafuta sababu.

Mabadiliko hayo huletwa na mfumo wa neva unaojiendesha, ambao huongoza moyo, upumuaji, joto la mwili na umeng'enyaji wa chakula pasipo sisi kuamua. Tawi lake la simpathetiki huharakisha moyo. Tawi la parasimpathetiki, kwa njia ya neva ya vagasi, huupunguza mwendo. Tawi hili la pili huimarika zaidi kuelekea mwisho wa ujauzito. Ndiyo maana mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, huonyesha mabadiliko madogo kuliko aliyetimiza miezi.

Upimaji wenyewe haumuumizi mtoto. Elektrodi hubandikwa kifuani, mapigo hurekodiwa mtoto akiwa katika usingizi mtulivu, kisha kompyuta hupima kwa milisekunde nafasi kati ya mapigo. Matokeo hulinganishwa na umri wa ujauzito, kwa sababu kipimo kilicho cha kawaida katika wiki 30 huweza kuwa cha mashaka katika wiki 40.

Faida yake ni kuokoa maisha. Maambukizi ya damu huweza kupunguza mabadiliko ya mapigo saa kadhaa kabla ya dalili nyingine kuonekana. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2011, uliohusisha watoto 3,003 wenye uzito mdogo sana, vifo vilikuwa asilimia 8.1 pale wauguzi walipoonyeshwa kipimo hicho, na asilimia 10.2 pale ambapo hawakuonyeshwa.

Wodi isiyo na kompyuta hiyo bado ina vipimo vyake: mapigo 110 hadi 160 kwa dakika, joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5, na upumuaji usiosita kwa zaidi ya sekunde 20. Mzazi aliye nyumbani akiona mtoto anasita kupumua, amebadilika rangi, amepoa au amekataa kunyonya, amfikishe hospitalini mara moja, akimkumbatia kifuani ngozi kwa ngozi njiani ili asipoteze joto.